Kurudisha video za nyumbani kwenye DVD za kufutika baada ya kuzihariri: mwongozo kamili

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye DVD za kifamilia zilizorekodiwa kwa kamera au kwa deki ya kurekodi, anayetaka kuzitoa, kuzihariri kwenye kompyuta, kisha kuzirudisha kwenye DVD za RW ili zitazamwe tena na watu walewale waliomo ndani ya picha. Bibi aliyeko Rungwe au Kilolo hana haja ya kutumiwa video kwenye simu ya mjukuu. Ana TV ya chogo, ana deki, na ana sola inayotosha saa chache za jioni. Ukimpelekea flashi, huenda deki yake haina tundu la USB, au inalo lakini haifungui aina ya faili uliyoweka. DVD iliyochomwa sawasawa ataiweka, atabonyeza, na atamwona marehemu kaka yake akicheza ngoma.

RW inafaa kazi hii kwa sababu inafutika. Mwakani kukiwa na kipaimara au ubatizo mwingine, unaichukua diski ileile, unafuta, unaandika toleo jipya lenye sherehe zote mbili. Lakini uwezo huohuo wa kufutika ndio unaopoteza kumbukumbu za watu. Diski ni moja, kitufe ni kimoja, na harusi ya wazazi imekwenda. Kwa hiyo kanuni inayotawala kila hatua hapa chini ni hii: DVD ya RW ni ya kutazamia, rekodi yenyewe ikae kwingine kabla hujagusa kitufe cha kufuta.

Vifaa

Unahitaji kompyuta yenye draivu ya DVD inayoandika. Laptopu za siku hizi nyingi hazina, ila draivu ya nje ya USB inafanya kazi vizuri. Draivu hizo hula umeme mwingi wakati wa kuandika; kama waya wake una vichwa viwili vya USB, chomeka vyote viwili, na uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia kigawanyio.

Acha nafasi ya GB 20 hivi kwenye kompyuta kwa kila diski unayoshughulikia, maana kutakuwa na nakala ya asili, faili lililohaririwa na faili la kuchoma. Tafuta pia hard disk ya nje au flashi kubwa ya kuhifadhia nakala ya pili.

Programu za msingi ni za bure kwenye Windows: VLC ya kutazamia, Avidemux ya kukata, DVDStyler ya kuijenga DVD, na ImgBurn ya kuchoma. Anayetumia Linux ana DVDStyler na Avidemux vilevile, na K3b ya kuchoma. Zipakue kutoka tovuti zake zenyewe, na wakati wa kusakinisha usome kila dirisha kabla ya kubonyeza. Programu za bure huzoea kubebeshwa vitu vingine ambavyo huvihitaji, na kila kimoja kina kisanduku chake cha kukataa.

Ijue diski uliyoishika

Soma maandishi ya juu ya diski. DVD-R na DVD+R zinaandikwa mara moja tu. DVD-RW na DVD+RW zinafutika, na watengenezaji huzihesabia kama mara 1,000. DVD-RAM inafutika hadi kama mara 100,000, lakini deki nyingi za kawaida haziisomi kabisa, kwa hiyo usiichague kwa ajili ya kutazamia. Dukani ukiomba DVD tupu utapewa R bila kuulizwa. Taja RW, na uione herufi hiyo kwa macho yako kabla ya kulipa.

Diski ya kawaida ya sentimita 12 inabeba GB 4.7. Kompyuta itakuonyesha 4.38 au karibu na hapo kwa sababu inahesabu kwa 1,024 badala ya 1,000, kwa hiyo muuzaji hajakupunja. Zile ndogo za sentimita 8 za kamera za mkononi zinabeba GB 1.4, sawa na nusu saa hivi ya picha nzuri. Diski ndogo iweke kwenye draivu ya sinia tu, katika lile duara la ndani. Draivu inayomeza diski kupitia mwanya inaweza kuinasa, na kuitoa ni kazi ya kufungua kompyuta nzima.

Ndani ya RW kuna tabaka jembamba la aloi ya metali. Leza ikilichoma kwa nguvu kisha likapoa ghafla, sehemu ile inakuwa na mpangilio wa ovyo na mwanga haurudi vizuri. Ikilipasha joto la kiasi, linajipanga upya na kung'aa. Ndivyo diski inavyoandikwa na ndivyo inavyofutwa. Tatizo lake ni kwamba hata sehemu inayong'aa hurudisha mwanga kidogo, takriban asilimia 18 hadi 30, wakati DVD ya kiwandani hurudisha asilimia 45 au zaidi. Deki ya zamani yenye leza iliyochoka inaweza kuisoma DVD ya filamu bila shida na bado ikagoma kwenye RW. Likikutokea hilo usidhani umekosea. Mwishoni nimeeleza la kufanya.

Kati ya -RW na +RW, chagua ile ambayo deki ya mlengwa inaikubali. Alama huwa mbele ya deki au kwenye kitabu chake. Kama huna hakika, nunua moja ya kila aina, jaribu, kisha ongeza ile iliyokubali.

Hatua ya kwanza: toa rekodi kwenye diski

Kagua uso wa diski kwenye mwanga. Vumbi la Agosti hadi Oktoba hujipenyeza mpaka ndani ya makasha, na moshi wa jiko la mkaa huacha utando wa mafuta. Futa kwa kitambaa laini kisicho na nyuzi, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe, kwa sababu mkwaruzo wa mviringo unafuata njia ya data na leza hushindwa kuuruka. Na kama diski imetoka kwenye baridi ya Makambako au Njombe mwezi wa Juni ikaingia chumba chenye moto, iache nje ya draivu mpaka ukungu wote ukauke wenyewe.

Ukishaiweka kwenye kompyuta, utaona moja kati ya hali tatu.

Ya kwanza ni folda iitwayo VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB, IFO na BUP. Hii ni DVD ya video ya kawaida, na ndiyo rahisi kuliko zote. Nakili folda nzima kama ilivyo. Picha ziko kwenye VOB, na zimegawanywa vipande visivyozidi GB 1 kila kimoja. Zikinakiliwa pamoja, mfuatano unabaki salama.

Ya pili ni folda iitwayo DVD_RTAV yenye faili kubwa la VRO. Hapo kamera au deki ilirekodi kwa mfumo wa VR, ule unaoruhusu kufuta na kupanga upya vipande ndani ya mashine yenyewe. VRO ni video ileile ya MPEG-2, namna ya kubana picha inayotumika kwenye DVD. VLC inaifungua na Avidemux inaifungua. Angalizo ni moja: rekodi zote zimo ndani ya faili moja, na kama zamani mtu alifuta kipande akarekodi kingine juu yake, mfuatano unaweza kuwa umevurugika. Itazame yote kabla ya kukata chochote. Kwenye Linux ipo programu ndogo ya dvd-vr inayoligawa faili hilo katika rekodi zake mojamoja.

Ya tatu huwatia watu hofu: kompyuta inasema diski ni tupu, ilhali unajua harusi imo humo. Karibu kila mara maana yake ni kwamba diski haikufungwa baada ya kurekodi. Usikubali ombi lolote la Windows la kuifomati. Itafute kamera au deki ileile iliyorekodi, ingia kwenye menyu yake, chagua "Finalize", na usubiri hadi imalize. Kama mashine hiyo imekufa au imeuzwa, programu ya IsoBuster ina uwezo wa kusoma diski ambazo hazijafungwa, ingawa kuyatoa mafaili yenyewe unaweza kutakiwa ulipie. Kwa rekodi ya mtu ambaye hayupo tena duniani, ningelipa.

Nakala ikishafika kwenye kompyuta, ifungue kwa VLC na uitazame. Angalia mwanzoni, katikati, na hasa dakika za mwisho, kwa sababu ukingo wa nje wa diski ndio unaoshikwa na vidole na ndio unaoharibika mapema. Kisha weka nakala ya pili kwenye hard disk ya nje. Ikiwezekana, ya tatu ikae kwa ndugu aliye mji mwingine. Wizi na moto havichagui nyumba. Mpaka hapo, diski ya asili bado hujaifuta na huna sababu ya kuifuta.

Hatua ya pili: hariri bila kuiumiza picha

Hapa ndipo ubora unapopotea, na mara nyingi bila sababu. Video iliyoko kwenye DVD imeshabanwa kwa MPEG-2. Ukiiingiza kwenye programu ya kuhariri, ukaitoa kama MP4, kisha ukairudisha kuwa MPEG-2 kwa ajili ya DVD, umeibana mara mbili zaidi, na kila mara nyuso zinapoteza kitu. Kwa hiyo jiulize kwanza: nataka kuondoa vipande tu, au nataka kuongeza maandishi na muziki?

Kama ni kuondoa tu, mathalani kamera ilisahauliwa ikirekodi sakafu ya ukumbi, au hotuba imerudiwa, basi tumia Avidemux na usibane chochote. Fungua VOB ya kwanza yenye picha, mara nyingi VTS_01_1.VOB, programu itakuuliza kama iunganishe na zinazofuata, kubali. Upande wa kushoto, video iwe "Copy" na sauti iwe "Copy". Aina ya faili la kutoa iwe MPEG-PS.

Video ni mfululizo wa picha mojamoja ziitwazo fremu, na kwa namna hii unaweza kukata mahali penye fremu kamili tu, ile inayoandikwa I kwenye programu. Mishale ya juu na chini ya kibodi inakurusha kutoka fremu kamili moja hadi nyingine. Kwenye DVD za PAL, mfumo wa TV unaotumika kwetu Tanzania, umbali kati yake hauzidi fremu 15, yaani sekunde 0.6, kwa hiyo hutakosa sana pale unapopataka. Weka alama A mwanzo wa kipande kibaya, alama B mwisho wake, futa, endelea. Ukihifadhi, kazi inaisha kwa dakika chache kwa sababu kompyuta inanakili tu, na picha inayotoka ni ileile iliyoingia.

Kama unataka kuongeza majina, picha za mnato au muziki, tumia Shotcut au Kdenlive, zote za bure. Hapo kubana hakukwepeki, basi fanya kuwe mara moja ikiwezekana: toa faili lako kama MPEG-2 moja kwa moja kama programu inaruhusu, au sivyo kwa kiwango kikubwa kuliko kitakachohitajika. Mradi wako uwe wa PAL, 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, kwa sababu huo ndio mfumo wa TV za kwetu. Rekodi za zamani zina umbo la 4:3, ziache hivyohivyo. Kuzivuta zijaze TV bapa kunawanenepesha watu wote, na mama mzazi wa bwana harusi hastahili hilo.

Kamera nyingi za zamani zilirekodi kwa mistari inayopishana, nusu ya picha kwanza kisha nusu ya pili. Programu itakuuliza au itakisia nusu ipi itangulie, ya juu au ya chini. Rekodi za kamera za kanda za DV hutanguliza ya chini. Za deki ya kurekodi kwa kawaida hutanguliza ya juu. Ukikosea, kwenye kompyuta hutaona kitu, lakini kwenye TV ya chogo kila anayetembea ataonekana anatetemeka mbele na nyuma. Ndiyo sababu jaribio la mwisho lazima lifanyike kwenye TV, na liwe na mtu anayetembea.

Maandishi yasikae ukingoni. TV za chogo hukata pembezoni mwa picha, hivyo acha kama sehemu moja ya kumi kila upande. Tumia herufi kubwa na nene.

Sasa neno la moyoni kwa wanaohariri harusi na misiba. Usifunike sauti za watu kwa muziki. Salamu ya mzee kwa Kinyakyusa, Kihehe au Kibena, vigelegele, mtoto anayelia nyuma ya mchungaji, mzaha wa mshenga: hivyo ndivyo watu wanavyovitafuta wanapoweka diski baada ya miaka 15. Muziki wanao kwenye redio. Mbwembwe za picha kuzunguka na kupasuka nyota zinachosha haraka pia, na zinaficha uso kwa sekunde ambazo huwezi kuzirekodi tena. Kata kinachochosha kweli, acha mapumziko ya watu kuvuta pumzi, na kwenye kila sherehe weka mwaka, mahali na majina kamili ya watu, maana wajukuu hawatamtambua "mjomba" bila jina.

Vipande vya simu ukitaka kuviongeza, usivichukue kwenye WhatsApp vilikotumwa kama video ya kawaida, vimeshabanwa sana. Mwombe mwenye simu akupe kwa waya, kwa flashi, au avitume kama hati. Video iliyopigwa simu ikiwa wima itakuwa na weusi pande mbili. Iache hivyo, usikate vichwa ili kujaza nafasi.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya nafasi

Hesabu ni fupi. Chukua 36,000, gawanya kwa urefu wa video katika sekunde, toa 0.2 kwa ajili ya sauti. Jibu ni megabiti (kipimo cha wingi wa data) kwa sekunde unazoweza kuipa picha. Nambari 36,000 inatokana na GB 4.7 zilizogeuzwa kuwa megabiti, baada ya kuacha nafasi kidogo ya menyu na usalama.

Video ya dakika 90 ni sekunde 5,400, kwa hiyo unapata kama 6.4, ambayo ni picha nzuri sana. Ya saa mbili inapata 4.8, bado nzuri. Ya saa mbili na nusu inashuka hadi 3.8, na hapo utaanza kuona vijiraba watu wakicheza au kamera ikigeuka haraka. Ya dakika 60 hesabu itakupa 9.8, ambayo ndiyo ukomo wa juu kabisa wa picha ya DVD. Usiende huko, weka 8, kwa sababu deki dhaifu hukwama kwenye viwango vya juu.

Harusi ya saa nne usiilazimishe kwenye diski moja. Tumia mbili: kanisani na ukumbini. Watu hucheza sana ukumbini, na kucheza ndiko kunakohitaji megabiti nyingi.

Hatua ya nne: ijenge DVD

Faili la MPG au MP4 likiburutwa tu kwenye diski linatengeneza DVD ya data. Baadhi ya deki zitaifungua, nyingi zitaandika kwamba diski haijulikani. Unachotaka ni DVD ya video, yenye VIDEO_TS iliyopangwa kwa kanuni zake. Kazi hiyo ni ya DVDStyler.

Fungua mradi mpya. Upe diski jina fupi lisilo na herufi za ajabu, kwa mfano HARUSI_2006. Ukubwa uwe GB 4.7, mfumo uwe PAL, umbo 4:3 au 16:9 kulingana na video zako, sauti iwe AC-3, aina ya sauti inayotumika kwenye DVD. Sauti lazima iwe ya kHz 48, ya 44.1 iliyozoeleka kwenye muziki si ya DVD, na programu itaibadilisha. Kisha buruta mafaili yako chini.

Kama ulikata kwa Avidemux bila kubana, fungua sifa za kila faili na uweke video kuwa "Copy". Usipofanya hivyo programu inaweza kubana upya kile ulichohangaika kukilinda. Kwa mafaili mengine, weka kiwango ulichokipata kwenye hesabu, au acha programu ijaze nafasi yenyewe.

Menyu iwe nyepesi: vitufe vikubwa vichache, maandishi yanayosomeka kutoka kwenye kochi, bila mwendo. Mzee anayeshika rimoti iliyofutika nusu ya nambari zake anahitaji mshale na kitufe cha kukubali tu. Gawanya video ndefu katika sura, kila tukio kwa sura yake: kuingia, kiapo, keki, zawadi. Kwa diski ya mtu mzima sana ninashauri uache menyu kabisa, ili video ianze yenyewe diski ikiingia.

Ukimaliza, usichome moja kwa moja kutoka hapa. Chagua kutengeneza faili la ISO, yaani faili moja lenye DVD nzima ndani yake. Lifungue kwa VLC, bonyeza kila kitufe cha menyu, ingia kila sura. Kosa lililogunduliwa sasa linarekebishwa kwa dakika. Likigunduliwa kwa bibi, Tukuyu, limeshakula nauli.

Wenye mazoea ya kuandika amri wanaweza kubadilisha faili la simu kuwa MPEG-2 ya DVD kwanza kwa FFmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri:

ffmpeg -i ubatizo.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 6000k -b:a 192k ubatizo.mpg

Faili linalotoka linaingia DVDStyler kwa "Copy".

Kamera iliyoletwa kutoka Japani au Marekani huenda ilirekodi kwa NTSC, mfumo wa TV wa huko, 720 kwa 480, fremu 29.97 kwa sekunde. Usiichanganye na PAL kwenye diski moja. Deki nyingi za sasa zinasoma NTSC vizuri, kwa hiyo jaribu kwanza kuitengenezea diski yake ya NTSC kama ilivyo. Ukiona TV ya chogo inatoa picha isiyo na rangi au inayopanda na kushuka, ndipo uibadilishe kuwa PAL.

Hatua ya tano: futa na uandike

Kabla ya kufuta, fungua hard disk ya nje na ucheze nakala ya rekodi ya asili kutoka pale. Ikicheza, endelea.

DVD-RW inahitaji kufutwa kabla ya kuandikwa upya. Ufutaji wa haraka unachukua dakika moja au mbili na unatosha kwa diski yenye afya. Diski iliyotumika mara nyingi, au iliyowahi kugoma, ifutwe kikamilifu hata kama itachukua karibu saa nzima. DVD+RW haihitaji kufutwa. Unaandika juu ya kilichopo.

Kwenye ImgBurn chagua "Write image file to disc", elekeza kwenye faili la ISO, na uhakikishe kisanduku cha "Verify" kimewekwa alama. Spidi chagua 2x au 4x kulingana na inachoruhusu diski. Kwa 4x diski iliyojaa inachukua kama dakika 15, kwa 2x kama nusu saa. Usiharakishe zaidi ya kile kilichoandikwa kwenye diski, wala usifungue programu nzito nyingine wakati leza inafanya kazi. Weka draivu mahali pasipotikisika.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika, DVD-R inakuwa ya kutupa. RW mara nyingi inaokolewa kwa kufutwa kikamilifu na kuanza upya. Hata hivyo chomea kwenye laptopu yenye betri iliyojaa, au kompyuta ya mezani iwe na UPS, ile betri ya akiba. Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, radi zikianza kunguruma acha kazi hiyo mpaka zipite.

Baada ya kuandika, programu itasoma diski yote na kuilinganisha na faili. Usiikatize. Ikisema kuna makosa, futa kikamilifu, punguza spidi, rudia. Ikishindwa tena, diski hiyo imechoka.

Kama huna kompyuta na unampelekea fundi wa mjini, Mwanjelwa ya Mbeya au Miyomboni ya Iringa, mpe faili la ISO kwenye flashi na umwambie hivi: "Fundi, naomba unichomee hii kama ISO kwenye RW, siyo data, spidi ndogo, na uihakiki." Ukisema tu "nichomee video" utapata chochote.

Deki ikigoma

Jaribu diski kwenye deki ya mlengwa au inayofanana nayo, na si kwenye kompyuta pekee. Ikiwa haisomi kabisa, fuata mpangilio huu. Isafishe diski. Ijaribu kwenye deki nyingine. Ikicheza huko, tatizo ni leza ya deki ya kwanza. Badilisha aina, kutoka -RW kwenda +RW au kinyume chake. Kwa DVD+RW, baadhi ya draivu huruhusu kubadilisha utambulisho wa diski ili deki iione kama DVD-ROM ya kiwandani. ImgBurn ina sehemu ya kufanya hivyo kwa draivu zinazokubali, na deki kongwe kadhaa hulegea hapo.

Ikianza vizuri kisha ikakwama mbele, angalia kwanza alama za vidole ukingoni, halafu kiwango cha megabiti. Kishushe hadi 5 au 6, jenga upya, choma upya. Sauti ikitangulia au kuchelewa kuliko midomo, kosa liko kwenye faili ulilohariri: rudi uangalie kHz 48 na fremu 25. Picha ikitetemeka kwenye mwendo, ni zile nusu za mistari. Badilisha ya kutangulia.

Na kama deki inasoma R lakini haisomi RW ya aina yoyote, usimnunulishe mzee deki mpya. Tengeneza na uhakiki toleo lako kwenye RW hapo nyumbani mpaka uridhike, kisha mchomee yeye nakala ya DVD-R kutoka faili lileile la ISO. Andika mwaka na majina juu ya diski kwa kalamu laini ya CD isiyo na spiriti, usibandike karatasi kwani hupindisha mzunguko, na uifungie kwenye kasha gumu mbali na dirisha lenye jua. Lile faili la ISO lihifadhi pembeni ya rekodi ya asili. Nakala hiyo ikichakaa, unachoma nyingine siku hiyohiyo.